Pampu ya Siri kwenye Lori la Malai

Jumatatu, 27 Juni

Siku saba zimebaki. Nina mpango.

Naandika upesi. Lorene, mke wangu, yuko kwa mama yake wanakanda unga wa kolachi, maandazi ya Kicheki yenye jemu. Mama mkwe, Mama Vlasta, ameteuliwa mgeni wa heshima wa gwaride la Tarehe Nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Ana miaka themanini na minane. Hapa Zelena hakuna aliyemzidi umri, wala ulimi. Atapanda lori la kwanza kutoka ghala la mahindi mpaka kanisani, juu ya kilima.

Lori gani? Hapo ndipo penye vita.

Jana tulipomaliza kula bata akatangaza. Atapanda lori la marehemu mumewe, Ladislav, na si lingine. Nikatoa kifua mbele, maana mwenye kuliendesha lori hilo ni mimi. Kumbe hajamaliza. Akapangusa mdomo, akakumbusha kwamba mwaka jana lilizimika kwenye kona ya kiwanda cha siagi. Na mwaka juzi, palepale. Na mara zote mbili jirani yetu Marlys Tesch alinivuta kwa mnyororo mbele ya bendi. Basi mwaka huu ni hivi: likifika kanisani, ufunguo ni wangu moja kwa moja. Lisipofika, ufunguo ni wa Marlys. Ladislav hakununua sanamu, akasema. Alinunua lori.

Nikakirudisha kifua ndani.

Lori lenyewe, jamani! La mwaka 1956. Kijani cha tango. Mlangoni herufi za dhahabu: LADISLAV BURES, MALAI NA MAYAI. Ladislav alizunguka nalo mashambani miaka ishirini na sita kukusanya madumu ya malai, na usukani umelika mahali alipokuwa akiweka kidole gumba. Kila nikishika pale kidole changu kinaingia sawasawa. Nalipenda. Nimesema.

Ugonjwa wake naujua. Tangi liko nyuma kabisa, chini ya mbao za mizigo. Pampu ya mafuta iko mbele, kwenye injini, nayo inavuta kama mtu anayenyonya soda kwa mrija mrefu. Jua likichoma na kilima kikianza, petroli inachemka ndani ya bomba, inakuwa mvuke, pampu inabaki kunyonya hewa. Dawa ni pampu ya umeme, ikae nyuma karibu na tangi, isukume.

Lakini sheria ya chama chetu cha magari ya kale! Gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Vinasamehewa vitu vitatu tu: matairi, betri na vibanio vya nguo. Vibanio vilipita kwa kura mwaka 1983, kwa sababu babu zetu wote walivibana kwenye bomba la mafuta kulipoza. Marlys anabana sita, na lori lake halijazimika hata siku moja. Mimi nimebana ishirini na nne. Lorene anaanika shuka juu ya seng'enge. Na bado linazimika!

Kwa hiyo, pampu ya umeme. Kwa siri.

Jumanne, 28 Juni

Nimeendesha maili sitini kwenda kununua pampu, mahali nisipojulikana. Nilivaa miwani ya jua. Muuzaji akaniuliza hali ya Mama Vlasta. Lo!

Pampu yenyewe nzuri. Ndogo, inaenea kiganjani. Ukiipa umeme inalia tika-tika-tika, kama moyo wa sungura. Muuzaji akanipa karatasi ya maelezo, na akasisitiza mambo matatu: umeme utoke kwenye swichi ya ufunguo, kuwe na fyuzi, na kuwe na kifaa cha kuizima gari likipata ajali. Nikamshukuru. Karatasi nimefungia sandwichi.

Jioni nilivuka barabara kumrudishia Marlys bisibisi yake. Hiyo ilikuwa sababu tu. Nilitaka kuona maandalizi ya adui.

Marlys ni mjane, ana miaka sitini na saba, ni katibu wa chama, na ameongoza gwaride miaka sita mfululizo na lori lake jekundu. Nilimkuta ameinamia injini, anaifuta kwa kitambaa cha flana, taratibu, kama anamfuta mtoto uso. Nikachungulia. Ningependa kuandika kwamba ni ovyo. Siwezi. Kila waya umelala mahali pake, umenyooka, umefungwa kwa uzi wa nta, fundo hadi fundo urefu ule ule. Vibanio sita vimepangana kama wanakwaya. Nikajikuta nimesema "aisee" kwa sauti. Akainua kichwa, akaniuliza kama bisibisi hii ndiyo niliyoiazima wakati wa vita vya Ghuba.

Kisha akasema kama lori la Ladislav linanisumbua nimwambie, atakuja na sanduku lake la vyombo, jirani ni jirani. Nikamwambia lori halijambo kabisa. Akakunja kitambaa chake cha flana. Akasema, "Haya."

Mtego! Anataka ufunguo.

Jumatano, 29 Juni

Ushindi! Ushindi mtupu!

Lorene alikwenda kusuka nywele za mama yake. Nikaingia chini ya lori saa tatu asubuhi. Pampu nimeifunga juu ya chesi, ile mifupa ya chini ya lori, nyuma ya ubao, haionekani hata ukipiga magoti. Mabomba nimeunga vizuri, petroli kidogo tu imeniingia sikioni.

Ikaja kazi ya waya. Kuuleta kutoka kwenye ufunguo mpaka nyuma ni futi kumi na mbili za waya mpya, mwenye macho haambiwi tazama. Mjinga angefanya hivyo. Mimi nilijilaza chali nikafikiri. Nikaona waya wa kiwandani, mkongwe, umepita karibu kabisa na pampu ukielekea kwenye taa za nyuma. Ulikuwepo tangu 1956! Nani atauuliza? Umeme ni umeme. Nikaumenya, nikaunga, nikafunga utepe, nikapaka tope. Hata Ladislav asingegundua.

Kujaribu. Uwanja wetu una mteremko na breki ya mkono haishiki tangu Machi, kwa hiyo nilikaa ndani nikakanyaga breki. Tika-tika-tika! Nilikaribia kulia. Nikaweka jiwe kwenye gurudumu, nikashuka kwenda kusikiliza kwa karibu. Kimya. Nikarudi ndani, nikakanyaga breki lisije likanitoroka. Tika-tika-tika!

Nimeelewa. Ni pampu ya kisasa. Ikishiba inanyamaza yenyewe. Werevu ulioje!

Lorene amerudi, amenusa, akauliza kwa nini nanuka petroli sikioni. Nikasema manukato. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kuanika soksi kwenye seng'enge.

Alhamisi, 30 Juni

Tatizo moja dogo. Kesho ni ukaguzi, na pampu ina sauti.

Nimefikiri mpaka uji ukapoa. Jibu: saa. Lorene ana saa ya jikoni yenye umbo la kuku, unaizungusha shingo inahesabu dakika. Nayo inasema tika-tika. Nitaiweka chini ya kiti. Mtu akiuliza sauti, ni kuku.

Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Ijumaa, 1 Julai

Nimepita! Ila moyo wangu haujarudi mahali pake.

Mkaguzi ni mwenyekiti, Mzee Dwaine Hromas, ambaye sikio lake la kushoto halifanyi kazi. Marlys alimfuata na daftari. Mzee akapima matairi, akagonga milango, akafungua boneti akahesabu vibanio ishirini na vinne, akauliza kama nina mapacha wa kuanikiwa nepi. Nikacheka kwa adabu. Nikasimama upande wake wa kushoto muda wote.

Akaniambia niingie ndani nikanyage breki, atazame taa za nyuma. Injini imezimwa. Uwanja umetulia kama kanisa. Nikakanyaga.

Tika-tika-tika-tika!

Sijui kwa nini ilichagua wakati ule. Marlys akainua kichwa. Mzee Hromas akasema taa ni nzuri, kisha akageuza sikio lake zima akauliza hicho ni nini. Nikasema kuku. Akasema nani? Nikatoa saa chini ya kiti, nikaeleza kwamba nina keki ndani ya tanuri na sitaki iungue. Palepale kuku akalia kriiing! Mzee akaruka hatua mbili, kofia ikaanguka.

Akasema mwaka 1956 kiwanda hakikutoa lori lenye kuku. Akamwambia Marlys aandike.

Marlys hakuandika mara moja. Alizunguka nyuma polepole. Akainama kidogo, mikono magotini. Nikatoa mguu kwenye breki nikafunga macho. Nikauona ufunguo ukivuka barabara. Nikaona lori la kijani limeegeshwa karibu na lile jekundu, limefutwa kwa flana, limependeza. Na ukweli, ningekuwa mimi ndiye lori, ningekwenda mwenyewe.

Akarudi, akaandika mstari mmoja, akampa Mzee asaini. Nikapewa nakala. Kumeandikwa: "Saa ya jikoni iondolewe. Mengine sawa."

Hakuona! Macho yake yameanza kuzeeka, maskini.

Jumapili, 3 Julai

Leo kabla ya misa nimefanya jaribio kamili. Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado majanini, nimepanda Kilima cha Kanisa moja kwa moja, bila kukohoa. Kona ya kiwanda cha siagi nimeipita kama upepo! Nikapiga honi mara tatu. Padri akatoka na mswaki mdomoni.

Nikamwamsha Lorene kumpasha habari. Akasema asubuhi kwenye baridi lori hilo limepanda siku zote, hata mwaka jana lilipanda asubuhi, na gwaride ni saa saba mchana. Nikamwambia huo ni wivu. Akanijibu mtu hawezi kumwonea wivu mumewe mwenyewe, angepata wapi nguvu.

Mchana Mama Vlasta alikuja kukagua atakapokaa. Alipanda bila kusaidiwa. Alikaa upande wake, akapapasa dashibodi, akafungua kisanduku chake na kutoa kitu kidogo kilichokuwa kimejificha ndani kabisa: kifuniko cha dumu la malai. Alikishika mapajani muda mrefu. Miaka thelathini na moja nimekula kwake sijawahi kumwona na uso ule.

Nikataka kusema jambo zuri. Nikaanza kumweleza jinsi injini inavyofanya kazi. Akashuka.

Jumatatu, 4 Julai

Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi. Niandike kwa utaratibu.

Joto nyuzi za kuwakaanga kunguru. Sisi mbele. Mama Vlasta pembeni yangu, kofia yenye maua, kifuniko cha dumu mapajani. Nyuma yetu Marlys na lori lake, nyuma yake bendi ya kodiani juu ya tela, kisha mji mzima. Barabara ya tambarare ilikuwa raha tupu! Gwaride ni mwendo wa kobe, unakanyaga breki, unaachia, unakanyaga. Pampu ikaimba njia nzima. Watoto wakatupiwa pipi. Nikapunga mkono mpaka bega likauma.

Kilima kikaanza. Nikaachia breki, nikakanyaga mafuta. Pampu kimya. Nikajisemea, imeshiba.

Kona ya kiwanda cha siagi. Kof. Kof. Kimya.

Nikakanyaga breki tusirudi nyuma. Tika-tika-tika! Nikawasha, ikawaka! Nikaachia breki, tukapanda hatua kumi. Kof. Nikakanyaga breki. Tika-tika! Nikawasha. Hatua nane. Kof. Mara ya tatu kofia ya Mama Vlasta ilimwangukia machoni, na mimi hapo, jasho likinitiririka, nikaelewa. Ule waya. Ni waya wa taa za breki! Pampu yangu inafanya kazi gari linaposimama tu.

Nikajaribu miguu yote miwili kwa pamoja, breki kushoto, mafuta kulia. Moshi ukatoka magurudumuni. Bendi ikarudia wimbo ule ule kwa mara ya nne, safari hii bila furaha.

Ilikuwa zamu ya Marlys. Angetoa mnyororo, au angenipita tu na kumchukua Mama Vlasta. Hakuna ambaye angemlaumu. Akashuka. Nikaweka mkono juu ya ufunguo, niuchomoe mwenyewe kabla sijaombwa, angalau niwe na heshima hiyo. Kumbe amewageukia watu wa bendi. Nilimsikia anawaambia wapunguze mdundo, wapumzike, mzee wa watu anapoza injini. Kisha akaegemea boneti yake akakunja mikono kama mtu mwenye siku nzima.

Macho yaliniwasha. Ule ulikuwa moshi wa breki.

Ndipo Mama Vlasta akarekebisha kofia yake, akasema, "Geuza."

Nikamwambia Mama, nisamehe, tukigeuza ndiyo tumeshindwa. Akasema nigeuze lori, nipande kinyumenyume. Tangi likitangulia juu, petroli inateremka yenyewe. Ladislav alipanda hapa kwa rivasi kila Julai, madumu arobaini nyuma, na shingo yake ilikuwa imepinda kwa ajili hiyo. Niliona picha zake zote zimeangalia kulia nikadhani ni maringo!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwaka jana. Au mwaka juzi.

Akasema, "Hukuuliza. Miaka thelathini na moja unanieleza tu."

Nikageuza kwenye uwanja wa kiwanda cha siagi. Nikaweka rivasi. Nikaachia breki, na lori, mpenzi wangu wa kijani, likapanda! Halikukohoa hata mara moja. Tatizo ni kwamba sioni nyuma, shingo yangu si ya Ladislav. Marlys alirudi kwenye lori lake, akafuata pua kwa pua, na njia nzima akanielekeza kwa kidole kupitia kioo. Kushoto kidogo. Kulia. Nyoosha. Hakukosea hata inchi moja. Sikuwahi kumtazama mtu usoni kwa muda mrefu vile. Ana uso wa utulivu mkubwa, mwanamke yule.

Kando ya barabara wazee wakaanza kuvua kofia. Walikumbuka. Bibi mmoja aliita "Lado!", kama walivyomwita Ladislav, akilia, na watu wote wakadhani tulipanga hivi, heshima kwa marehemu. Makofi mpaka kanisani. Tulifika nyuma mbele, kengele ikalia.

Mama Vlasta hakushuka haraka. Alirudisha kifuniko cha dumu ndani ya kisanduku. Akachomoa ufunguo, akaupima mkononi, akanipa. Akasema nimemfikisha. Kisha akasema, "Umeendesha vizuri, mwanangu."

Mwanangu! Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kolachi nimekula tisa.

Jumanne, 5 Julai

Marlys amekuja saa nane mchana na sanduku la vyombo. Mama Vlasta ndiye aliyemwita. Sharti la ufunguo, kumbe, limeongezeka: Marlys atengeneze, mimi nishike taa, na kuanzia leo nisiguse waya wowote kabla sijauliza. Nikala kiapo mbele ya Lorene, mkono juu ya redieta.

Marlys akaniambia kwa upole kwamba aliiona pampu siku ya ukaguzi, na waya pia aliuona. Nikamuuliza kwa nini hakuandika. Akasema Vlasta alitaka kupanda na Ladislav mara moja zaidi, na yeye Marlys ni nani amzuie kwa ajili ya karatasi. Angenionya, lakini nilishamwambia lori halijambo. Jambo la pampu na sheria ataliombea kura ya chama, kama vibanio.

Nikawasha taa, nikaishika kwa mikono miwili.

Akafanya kazi saa moja na nusu. Akautoa waya wangu, akauziba ule wa breki vizuri. Akapitisha mpya ndani ya chesi, kutoka kwenye ufunguo, na fyuzi, na kile kifaa cha ajali, kila fundo la uzi wa nta mahali pake. Nilishika taa sikupepesa. Ni kazi ya kupigiwa magoti. Nilimwambia hivyo, neno kwa neno, na sikuona aibu. Akacheka, akanipa bisibisi ile, akasema sasa ni yangu. Pampu inaimba ufunguo ukiwashwa, breki au bila breki. Imekamilika. Hakuna cha kuongeza.

Saa kumi na moja. Nimekaa ndani ya lori naisikiliza. Raha iliyoje.

Ila kuna jambo. Kisanduku cha fyuzi ni cha njano, kiko chini ya usukani, anayeinama anakiona. Na kama kura ya chama haitapita? Mzee Hromas macho yake ni mazima. Na hapa hapa, karibu kabisa, umepita waya wa honi. Wa kiwandani, wa 1956, nikiihamishia pampu huko hakuna atakayeona. Umeme ni umeme. Na kwenye gwaride nani hapigi honi?

Ningeuliza, kwa kuwa nimeapa. Lakini Mama Vlasta amejilaza, na Marlys ameshanawa mikono. Si vizuri kusumbua watu kwa swali dogo.

Nimeshakata waya.